Kila Taya Zikifunguliwa

Shafti kumi na mbili zilirudi Ijumaa mchana, zimefungwa katika magunia yaleyale tuliyozipelekea. Zilikuwa shafti za pampu za tope za mgodi mmoja wa Kanda ya Ziwa, na karatasi iliyoambatana nazo ilikuwa na mstari mmoja tu wa maelezo: tundu za pini hazikai sawa na mfereji wa ufunguo, na shafti inapepesuka. Niliichukua ya kwanza nikailaza juu ya vibao vya V, nikasogeza saa ya kupimia mpaka ncha yake ikagusa chuma, kisha nikaizungusha shafti taratibu kwa vidole. Sindano ilikwenda ikarudi. Mahali pa kukaa beringi ya mbele palikuwa panacheza milimita 0.09. Mchoro uliruhusu 0.02.

Nilitafuta aliyezembea, nikamkosa. Kila fundi alikuwa amefanya sehemu yake kama ipasavyo. Shafti ile ilipita mikono minne katika karakana yetu ya Nyakato, Mwanza: kwanza kwenye kerezo kubwa upande mmoja, ikageuzwa ikakerezwa upande wa pili, ikahamia kwenye mashine ya milingi kuchongwa mfereji, ikamalizia kwenye drili. Mara nne ilifungwa, mara nne ikafunguliwa. Taya tatu za chaki, yaani kishikio cha kerezo, zikiachia chuma na kukibana upya, chuma hakirudi palepale kilipokuwa. Kinakaa kando kidogo, pengine chini ya unene wa unywele, na fundi mzuri ataipunguza tofauti hiyo kwa saa ya kupimia na nyundo ya shaba. Lakini hawezi kuifuta. Tofauti ya kwanza inabebwa na ya pili, ya pili na ya tatu, na mwisho wa safari unapata shafti ambayo kila kipande chake kimechongwa vizuri ila vipande havijuani.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na saba kwenye chuma. Niliyajua haya kwa mkono kabla sijaweza kuyaeleza kwa maneno.

Jumatatu mzee mwenye karakana aliniita ofisini, akanionyesha picha kwenye simu yake. Ilikuwa mashine ya Kijapani iliyotumika, iko Sharjah, kerezo linaloendeshwa na kompyuta lenye spindo mbili na tareti mbili, na chini ya picha muuzaji ameandika kwa herufi kubwa kwamba ina mihimili tisa.

"Hii ndiyo itakayotutoa, kijana wangu," alisema.

"Mzee, naomba miezi miwili kabla hujatuma pesa."

"Miezi miwili ya nini?"

"Ya kuhesabu kazi zetu wenyewe."

Alikunja uso. Mteja alikuwa amerudisha mzigo, na mimi namwambia asubiri. Lakini alikuwa mtu wa kusikiliza. Akafungua droo ya michoro, akanisukumia rundo zima mezani.

Kwa msomaji ambaye hajasimama mbele ya mashine hizi, nieleze kidogo. Wakerezaji wa pwani waliokuwa wakikereza miguu ya vitanda waliijua siri hii zamani: kitu kinazunguka, kisu kinatulia, na kila kisu kinapogusa kinaacha duara. Kerezo la kawaida la kompyuta lina mihimili miwili. Z ni kwenda na kurudi kwa urefu wa chuma, na X ni kuingia na kutoka, kwa hiyo X ndiyo inayoamua unene. Ukiongeza mhimili C, spindo inayokizungusha chuma haizunguki tu, inaweza kusimama kwenye nyuzi unayoitaka na kubaki hapo imekazwa, huku kisu kinachozunguka chenyewe kikitoboa tundu ubavuni. Ukiongeza Y, kisu hicho kinapanda na kushuka nje ya senta, na hapo ndipo unapopata mfereji wa ufunguo wenye kuta zilizonyooka. Spindo ya pili inasimama ikitazamana na ya kwanza, inakuja kukipokea chuma kama mtu anavyopokezwa mtoto, kisha upande uliokuwa umefichwa unachongwa. Mhimili B unakiinamisha kichwa cha kisu, na tareti ya pili, yaani kichwa kingine cha kushikia visu, inaleta mihimili yake mwenyewe. Ndivyo hesabu inavyofika tisa.

Niliyasoma haya yote, nikaona kwamba swali la mihimili mingapi ni swali la muuzaji. Swali la karakana ni taya zinafunguliwa mara ngapi.

Nilichora jedwali kwenye daftari la kurasa mia mbili, nikapitia michoro ya kazi za mwaka mzima. Kila kazi niliiandikia kipenyo, urefu, aina ya chuma, tolaransi iliyo kali kuliko zote, na ni mara ngapi tuliifunga na kuifungua. Kisha kwa wiki tano nikakaa na saa ya mkononi, nikaandika dakika za kukata kando na dakika za kufunga, kutafuta senta na kupima. Nililoliona lilinishtua. Kwenye bushi na pulei hatukuwa na tatizo. Kwenye shafti zenye mifereji na tundu, muda wa kufunga na kutafuta senta ulizidi muda wa kukata. Tulikuwa tunauza ufundi wa kukata na tunapoteza siku kwa kufunga.

Na shafti hizo zilikuwa ndefu. Nyingi zilipita nusu mita. Kazi zilizohitaji kisu kilichoinama, yaani mhimili B, zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Hapo nilikumbuka jinsi mashine hizi zilivyozaliwa. John Parsons, mtengenezaji wa huko Michigan, Marekani, alikuwa na mapanga ya helikopta ambayo umbo lake lilihitaji vipimo vingi mno kwa mkono wa fundi. Akatafuta namna ya kuilisha mashine tarakimu. Kazi hiyo ikafika chuo cha MIT, na mwaka 1952 wakaonyesha mashine ya milingi iliyofuata maagizo ya mkanda wa karatasi uliotobolewa. Panga la helikopta lilikuwepo kwanza, na mashine ikaja kwa ajili yake. Sisi tulikuwa tumeshika mashine mkononi na kutafuta panga.

Mzee aliniruhusu nikaitazame hata hivyo, na alifanya vizuri.

Nilikwenda Sharjah mwezi wa tisa, joto la kule likiwa bado kali. Kwenye begi nilibeba saa mbili za kupimia, stendi ya sumaku, maikromita yangu, na kipande cha chuma cha EN19 chenye kipenyo cha milimita 60 na urefu wa milimita 300. Peke yake kilikaribia kilo saba. Kwenye uwanja wa ndege waliniuliza ni cha nini, nikawaambia ni cha kupimia mashine. Ndicho chuma tunachokata kila siku, na sikutaka kuhukumu mashine kwa chuma cha mtu mwingine.

Dalali aliyenipokea alikuwa Mwomani aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kama cha wazee wa Mji Mkongwe. Muuzaji alikuwa ameshaiwasha mashine tangu alfajiri, imepata moto, na mezani kuna fimbo ya alumini tayari. Akabonyeza kitufe. Baada ya dakika chache ikatoka kete ya sataranji, farasi, inang'aa kama fedha. Niliishika mkononi. Ilikuwa kazi nzuri sana, nami sikuwa na hata mteja mmoja anayenunua farasi wa alumini.

"Fundi, mbona huulizi bei?" dalali alinong'ona.

"Sheikh, bei nitaiuliza nikishajua ninanunua nini. Naomba waizime. Kesho nije saa kumi na mbili asubuhi, ikiwa imelala usiku kucha."

Muuzaji hakupenda, lakini dalali alimbembeleza kwa Kiarabu, akakubali.

Asubuhi ile ndiyo iliyonifundisha zaidi ya kozi zote nilizowahi kukaa. Mashine ikiwa baridi niliweka kipande changu, nikaiagiza ikate, nikapima. Kipenyo kilitoka kikubwa kwa maikroni 4 kuliko nilivyoagiza. Nikaiacha izungushe spindo. Kila nusu saa niliiambia ipunguze milimita moja kamili, nikapima tena, nikaandika. Kufikia saa nne asubuhi ilikuwa inakosea kwa maikroni 31, na bado haijatulia. Mashine yoyote ya chuma hutanuka ikipata joto, hilo si dhambi. Shafti ya nusu mita peke yake ikipanda nyuzi 8 za joto inarefuka kwa karibu maikroni 46, ndiyo maana dunia nzima imekubaliana kwamba vipimo vinahesabiwa kwa nyuzi 20. Ninachotaka kujua ni kama mashine inatanuka, inafika mahali, inatulia, nami nikaweza kuizoea. Ile ilikuwa inaendelea kutembea.

Kisha nikajaribu spindo ya pili. Jaribio lenyewe ni rahisi, na natamani kila mnunuzi alijue. Ukiwa umebana kipande kwenye spindo ya kwanza, unachonga bapa dogo kwenye ncha iliyo wazi. Spindo ya pili inakuja, inakipokea, ya kwanza inaachia. Unachonga bapa la pili kwenye ncha nyingine, kwa nyuzi ileile ya mhimili C. Kama spindo mbili zinaelewana, mabapa hayo mawili yako kwenye uso mmoja. Unakitoa kipande, unakilaza kwenye vibao vya V, unalisawazisha bapa la kwanza kwa saa ya kupimia, kisha unaihamishia saa kwenye bapa la pili na kuitembeza kutoka ukingo hadi ukingo.

Sindano haikutulia. Kwenye upana wa milimita 30 ilipanda milimita 0.04.

Niliinama nikatazama chini ya tareti kwa tochi ya simu. Rangi ya pale ilikuwa mpya kuliko ya mahali pengine, na boliti mbili zilikuwa na kichwa kilichokwaruzwa na spana. Mashine ile ilikuwa imewahi kugonga. Mtu alikosea programu, tareti ikaingia kwenye chaki kwa kasi, wakanyoosha walivyoweza, wakapaka rangi. Sikumlaumu muuzaji mbele ya watu. Huenda naye aliinunua hivyo. Nilimwonyesha dalali sindano, akaitazama kwa muda, akasema taratibu, "Basi, fundi. Amana imefika."

Kuna jambo jingine nililifanya kule kwa karatasi na kalamu tu. Bango la mashine liliandika kilowati 15 za mota ya spindo, na mzee alikuwa ameipenda tarakimu hiyo. Nikaomba chati ya torki, yaani nguvu ya kusokota. Kazi yetu nzito ya kawaida ni pulei yenye kipenyo cha milimita 250, na tunapoanza kuipunguza tunataka kina cha milimita 3, kisu kisogee milimita 0.3 kila mzunguko, kwa kasi ya mita 180 kwa dakika. Chuma cha namna hiyo kinapinga kwa nguvu ya takriban nyutoni 2,000 kwa kila milimita ya mraba inayokatwa. Zidisha, unapata kisu kinasukumwa kwa nyutoni 1,800, na kilowati zinazotakiwa ni 5.4 tu. Mtu atasema 15 zinatosha na kubaki. Lakini kwa kipenyo hicho spindo inazunguka kama mara 230 kwa dakika, na torki inayotakiwa ni nyutoni-mita 225. Chati ilionyesha kwamba kilowati zile 15 zinapatikana kuanzia mizunguko 1,000. Chini ya hapo torki haipandi tena, inabaki 143. Maana yake kwenye pulei yetu mashine ingetoa kilowati tatu na nusu hivi, kisha ikwame chuma kikiwa mdomoni.

Tangu siku hiyo sisomi kilowati bila chati. Mashine yenye gia, au yenye mota inayobadili nyaya zake kwa kasi ya chini, inaweza kuandikwa tarakimu ndogo zaidi bangoni na kukata vizuri kuliko hiyo.

Nilirudi Mwanza mikono mitupu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, daftari limefunguliwa mbele yake. Nikamweleza ninachokiona: shafti zetu ni ndefu, spindo ya pili haitusaidii sana kwa sababu shafti ndefu inataka kuegemezwa senta nyuma, na mashine nyingi za spindo mbili hazina egemeo hilo. Tunachokihitaji ni spindo moja yenye torki ya chini, mhimili C, mhimili Y, visu vinavyozunguka, na egemeo la nyuma. Mihimili minne. Shafti ifungwe mara moja, ikerezwe, mfereji uchongwe, tundu zitobolewe, yote kwa senta ileile. Ibaki kufunguliwa mara moja tu kumalizia ncha iliyokuwa ndani ya taya, na ncha hiyo mchoro haiidai ukali.

"Na zile tano zilizobaki?" aliuliza, maana ya mihimili.

"Kila mmoja una mota yake na siku yake ya kuharibika, mzee. Tutalipia tusivyovitumia."

Alicheka kidogo, akafunga daftari. Iliyopatikana baadaye ilitoka kwa wakala wa Dar es Salaam, mpya, kutoka Taiwan. Nayo niliipima kwa muda uleule na chuma kilekile cha EN19. Ilitanuka maikroni 19 katika saa mbili za kwanza, kisha ikatulia kama maji mtungini. Ipo sanifu ya kimataifa ya kupimia makerezo ya kompyuta, ISO 13041, na wakala alinipa ripoti ya kiwanda iliyoifuata. Niliiheshimu, lakini niliisoma baada ya kupima mwenyewe.

Mambo ya pembeni yalikula pesa nyingi kuliko nilivyomwambia mzee mwanzoni, na hapa nakiri nilipungukiwa. Sakafu ilibidi ivunjwe na kumwagwa zege upya. Tulinunua kidhibiti cha umeme kwa sababu kompyuta haivumilii volti inayopanda na kushuka, na kompresa yenye kikaushio cha hewa. Visu vya kabaidi, vishikio vyake, maji ya kupozea, mashine ya kuzolea machicha ya chuma. Aliyepanga bei ya mashine peke yake amepanga nusu ya safari.

La betri sikulisahau, maana lilishanitesa. Katika karakana niliyofanya kazi zamani tuliletewa kerezo la kompyuta lililokaa miezi bandarini. Betri inayotunza kumbukumbu ya kontrola ikaisha, na vipimo vyote vya ndani vya mashine vikafutika. Hakuna aliyekuwa na nakala. Mashine nzima, yenye afya, ilisimama miezi mitatu kama mtu aliyesahau jina lake, na mimi nikawa ninaipangusa vumbi kila asubuhi. Kwa hiyo kwenye mashine mpya, kabla hata ya kukata chuma cha kwanza, nilinakili vigezo vyote kwenye kadi mbili, na nikachapisha nakala ya karatasi. Kadi moja iko kabatini kwa mzee, nyingine nyumbani kwangu.

Na tulimpeleka kijana wetu mmoja, aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA, akajifunze kuandika programu kwa wiki sita. Mzee aliona ni muda mrefu. Nilimwambia kwamba tareti niliyoiona Sharjah iligongwa na mtu ambaye hakupewa wiki sita.

Kerezo la zamani halikuuzwa. Liko palepale karibu na mlango, na anayelisimamia ni mzee aliyenifundisha kazi, fundi ambaye anaijua milimita kwa kuusikia mlio wa kisu. Kazi ya kipande kimoja, mtu aliyeleta bushi ya trekta na anaisubiri nje, huyo mzee anaimaliza kabla kijana hajafika katikati ya programu. Sijaona sababu ya kuibadili hali hiyo.

Siku tulipokata shafti ya kwanza ya mgodi kwenye mashine mpya, alizima kerezo lake akaja. Hakusema neno. Mlango ulipofunguliwa aliipokea shafti kwa vitambaa viwili, ingali na joto, akaipangusa mafuta, akaiweka juu ya meza ya kupimia, akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa kuisubiri ipoe. Nilitaka kupima pale pale, akaninyooshea kiganja. Tulikaa karibu saa nzima. Kisha akailaza kwenye vibao vya V, akasogeza saa, akaizungusha kwa vidole viwili kama alivyonifundisha. Sindano ikatikisika, ikakaa. Milimita 0.008. Akaitoa shafti, akaigeuza upande wa pili, akailaza tena.

"Zungusha wewe," aliniambia. "Macho yangu siku hizi siyaamini."